Miwa tunayo, boda tunazo. Mbona bado tunangoja meli ya petroli?

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, vikundi vya WhatsApp mtaani huwaka moto. EPRA imetoa bei mpya. Mwenye gari anakimbilia kujaza tangi kabla ya saa sita usiku. Sisi wengine tusio na gari tunangoja asubuhi, makanga atuambie "ni soo leo, mafuta imepanda." Na ikishuka? Nauli haina habari.

Wengi wetu hatujasahau Oktoba 2023, petroli ilipofika Sh217.36 kwa lita hapa Nairobi. Mwezi huo jamaa wa boda ambaye hunitoa stejini hadi kwangu alianza kuzima pikipiki kwenye mteremko na kuiacha iteleze yenyewe. Nilimwambia, "Kaka, utatuua." Akacheka, akasema afadhali ateleze kuliko alale njaa. Sikuwa na jibu.

Nimekuwa nikimfikiria jamaa huyo kila ninaposafiri kwenda Kisumu. Ukikaribia Muhoroni harufu ya molasi inakupata ndani ya gari hata kabla hujaona kiwanda. Molasi ni ule uji mweusi mtamu unaobaki baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Ukiuchachua na kuutonesha unapata ethanoli, na ethanoli inaendesha injini. Kwa hivyo kando ya barabara ile ile ambapo malori ya mafuta yanapita yakitoka Mombasa na Nakuru, kuna mafuta mengine yanayomea shambani. Sisi tunayapita tu, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya harufu.

Hii si hadithi mpya. Kuanzia 1983 hadi 1993, madereva wa Nairobi walikuwa wakitia petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni, takriban lita 10 katika kila 100. Waliiita gasoholi. Muulize mzee yeyote aliyekuwa na gari wakati huo. Magari hayakulipuka. Kilichokufa ni biashara yenyewe: bei iliyowekwa na serikali haikumlipa mtengenezaji, kampuni za mafuta hazikuipenda, na ethanoli ilikuwa na soko zuri zaidi kwingine. Mwaka 2010 kukawa na mpango wa kuanza tena, mara hii Kisumu kisha Eldoret na Nakuru. Haukushika. Tangu hapo ni semina na karatasi za sera.

Sasa, wazo langu ni moja na nitalisema mapema ili usichoke kungoja. Tukitaka mafuta ya ethanoli Kenya, tusianze na magari. Tuanze na boda, na tuanzie magharibi ya nchi ambako miwa iko. Na wanaopaswa kuanza si wewe na mimi. Ni wenye viwanda vya sukari, kampuni za mafuta, na wale wanaounganisha pikipiki humu nchini. Hawa watatu wamekaa miaka mingi kila mmoja akimngoja mwenzake.

Ukiwasikiliza utadhani ni mchezo wa watoto. Mwenye kiwanda anasema hawezi kuongeza mitambo ya ethanoli kwa sababu hakuna pampu za kuiuza. Mwenye kituo cha mafuta anasema hawezi kuchimbia tangi la pili kwa sababu hakuna pikipiki wala gari linaloitumia. Muuzaji wa pikipiki anasema hawezi kuleta modeli ya ethanoli kwa sababu hakuna mafuta yake. Wote watatu wanasema kweli. Na ndiyo maana hakuna kinachosonga.

Wamarekani wanaujua mtego huu vizuri. Kule kuna zaidi ya magari milioni 20 yanayoweza kutumia E85, mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli. Lakini vituo vinavyouza mafuta hayo ni elfu nne na ushei tu katika nchi nzima, ilhali vituo vya petroli ni zaidi ya laki moja. Kampuni za magari ziliyatengeneza kwa wingi kwa sababu sheria iliwapa nafuu katika viwango vya ulaji wa mafuta. Wanunuzi wengi hawakujua hata kidogo kwamba gari lao lina uwezo huo. Wanatia petroli miaka kumi, wanaliuza, basi.

Brazil ndio waliofaulu, lakini nao waliumia kwanza. Bei ya mafuta duniani iliporuka mwaka 1973, Brazil ilikuwa inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake. Novemba 1975 serikali ikaanzisha programu ya Proálcool. Mwaka 1979 Fiat 147 ikatoka kiwandani ikitumia ethanoli tupu, na kufikia katikati ya miaka ya themanini magari mengi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya aina hiyo. Halafu bei ya sukari ikapanda. Wenye viwanda wakaona afadhali watengeneze sukari. Ethanoli ikaadimika, watu wakajikuta kwenye foleni na gari ambalo haliwezi kunywa kitu kingine. Hebu fikiria hasira hiyo. Baada ya hapo, nani angenunua gari la ethanoli tena?

Imani ilirudi mwaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol Total Flex. Gari la fleksi linakubali petroli, ethanoli, au vyote viwili kwa kipimo chochote ndani ya tangi moja. Siri yake ni kipimio kilicho kwenye bomba la moshi, ambacho husoma oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Kompyuta ya injini inapata habari hiyo, inaongeza au kupunguza mafuta yanayopulizwa. Ongeza mipira na mabomba ambayo hayaliwi na ethanoli, na kazi kubwa imekwisha. Mambo ya sayansi ya anga hayamo humo.

Lakini uzuri wake haukuwa kwenye mashine. Uzuri ni kwamba mnunuzi alitoka utumwani. Sukari ikipanda na ethanoli ikawa ghali, anatia petroli. Petroli ikipanda, anarudi kwa ethanoli. Hakuna kiwanda kinachoweza kumshika koo. Ndiyo sababu leo magari madogo mapya yanayouzwa Brazil ni ya fleksi kwa wingi sana, na hata petroli yao ya kawaida, tangu Agosti 2025, ina ethanoli asilimia 30.

Sasa ngoja nikupe ile sehemu iliyonifanya niandike makala hii. Mwaka 2009 Honda ilitoa Brazil pikipiki inayoitwa CG 150 Titan Mix. Pikipiki ya fleksi. Injini ya saizi ile ile ya boda zetu, kazi ile ile ya kubeba mizigo na watu. Wakati huo baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwa nasari. Na stejini kwetu bado hakuna hata moja.

Mbona boda na si gari? Angalia magari yetu yanatoka wapi. Mengi ni mitumba ya Japan, hayazidi miaka minane, na yalitengenezwa kwa ajili ya mtu wa Osaka. Hakuna mwenye duka la magari Mombasa anayeweza kupiga simu Toyota na kusema "safari hii nitengenezeeni Vitz ya ethanoli." Tutachukua tunachopewa. Pikipiki ni kitu kingine kabisa. Zinaletwa mpya, vipande vipande, na kuunganishwa hapa nchini. Anayeziagiza anachagua modeli. Wengi wanatoa India, na India yenyewe imeingia ethanoli kwa miguu yote miwili: TVS ilitoa Apache ya ethanoli mwaka 2019, na Honda ikatoa pikipiki ya fleksi huko mwaka 2024. Kwa hivyo hatuwaombi wavumbue kitu. Tunawaomba waongeze mstari mmoja kwenye oda.

Kuna gharama, sitaficha. Boda zetu nyingi bado ni za kabureta, na fleksi inahitaji injini ya kupuliza mafuta kwa kompyuta. Hiyo ni bei ya juu, na fundi wa mtaani lazima afunzwe kusoma kompyuta badala ya kufungua kila kitu kwa spana namba kumi. Lakini boda wengi hununua kwa mkopo wa kila siku, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu.

Tufanye hesabu pamoja. Ethanoli ina nguvu kidogo kuliko petroli, karibu theluthi moja chini kwa kila lita. Madereva wa Brazil wana kanuni rahisi: ethanoli inalipa ikiwa bei yake haizidi asilimia 70 ya bei ya petroli. Tuseme petroli ni Sh180. Ethanoli ikiuzwa Sh126 mko sare. Boda anayetumia lita nne za petroli kwa siku anatoa Sh720. Akitumia ethanoli atahitaji kama lita 5.7. Ikiwa ni Sh110 kwa lita, atalipa kama Sh627. Amebaki na Sh90 na zaidi, kila siku, ambayo ni chapo dondo ya mchana, au zaidi ya Sh2,000 kwa mwezi za kulipia mkopo wa ile pikipiki. Ethanoli ikiuzwa Sh130 hesabu inageuka, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayeigusa. Bei hizo ni za mfano, lakini zinaonyesha kwamba mchezo wote uko kwenye bei, na hapo serikali lazima iseme wazi itatoza nini. Petroli ilianza kutozwa VAT ya asilimia 16 Julai 2023, na ada ya kukarabati barabara ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwaka 2024. Ukiitwika ethanoli mzigo huo wote siku ya kwanza, umeizika.

"Lakini je, miwa inatosha?" Swali zuri, na hapa wapenzi wa ethanoli huwa wanatudanganya kidogo. Mwaka mzuri viwanda vyetu husaga miwa tani kama milioni 8. Asilimia nne hivi inakuwa molasi, yaani tani 320,000. Tani moja ya molasi inatoa ethanoli lita 250 hivi. Jumla ni lita milioni 80, tena ikiwa molasi yote itaenda huko, wakati wafugaji wanaitaka kwa ng'ombe na viwanda vya pombe navyo vinaitaka. Nchi nzima inachoma zaidi ya lita bilioni moja na nusu za petroli kwa mwaka. Kuchanganya asilimia 10 kila mahali kungehitaji angalau lita milioni 150. Hatuna.

Ndiyo maana nasema magharibi kwanza. Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia. Huko ethanoli haihitaji kusafiri mbali. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu ethanoli hunyonya maji hata kutoka hewani, na haiwezi kupitishwa tu kwenye bomba refu la mafuta. Inachanganywa kwenye depo, inapakiwa kwenye lori, inauzwa haraka. Depo ya Kisumu ipo. Mashamba yapo. Boda wapo wengi kupita kiasi.

Halafu kuna hili. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30. Mjadala wote ulikuwa sukari, madeni na mishahara, na ni haki kabisa. Lakini miaka 30 ni maisha yetu yote ya kufanya kazi. Mimi nitakuwa mzee wakati mikataba hiyo inaisha. Nani amewauliza hao waliokodi watafanya nini na molasi? Mumias ilikuwa na mtambo wa ethanoli wa uwezo wa lita milioni 22 kwa mwaka, na kampuni ikaanguka mikononi mwa mrasimu mwaka 2019. Mtambo bila miwa ni chuma tu. Na mkulima hapeleki miwa kwa mtu asiyemlipa. Kwa hivyo mwekezaji anayetaka kuuza ethanoli na aanze kwa kumlipa mkulima ndani ya muda, na amlipe pia sehemu ya pesa za ethanoli, si za sukari pekee. Mjomba wangu alikuwa na ekari tatu za miwa. Aliing'oa yote, akapanda mahindi. Hata umwambie ethanoli ni dhahabu, atakuuliza tu, "Nitalipwa lini?"

Wapo watakaoniambia niamke, dunia imehamia umeme. Nawaelewa. Boda za stima ziko Nairobi, nimezipanda, hazina kelele na dereva hapumui moshi. Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kama ningekuwa nanunua pikipiki ya kufanyia kazi kati ya Kilimani na CBD leo, ningechukua ya stima bila kufikiri mara mbili. Lakini vituo vya kubadilisha betri vinafuata wateja wa mijini. Jamaa wa Lugari anayebeba magunia kwenye barabara ya matope hawezi kungoja mpaka betri imfikie. Wote wawili wanaweza kuhama petroli kwa njia tofauti. Sioni sababu ya kugombana.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wizi. Tunajijua. Mwaka 2018 ilibidi serikali iweke ushuru maalum wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu wajanja walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli. Mtu wa aina hiyo ukimpa ethanoli ataitia maji kabla jua halijatua. Na mwingine ataitorosha kwenda kuuzwa kama pombe, kisha tusome habari za watu kupofuka. Brazil, ethanoli ya kuchanganya kwenye petroli hutiwa rangi ya machungwa ili iliyotiwa maji ijulikane kwa macho. Nasi tunaweza. Itiwe petroli kidogo pale pale kiwandani isinyweke, itiwe rangi, na kila pampu iwe na kipimio ambacho mteja anakiona. Haya si mambo ya kuachia polisi wa kituo cha karibu, samahani kusema.

Na isilazimishwe. Zimbabwe waliifanya kuchanganya kuwa sheria mwaka 2013, na ethanoli karibu yote ikitoka kwa mtengenezaji mmoja wa Chisumbanje, ambako wakulima wadogo walilalamika kupoteza mashamba. India walipofikisha ethanoli asilimia 20 kwenye petroli, mwaka 2025 wenye magari ya zamani wakaja juu mitandaoni: gari linakula zaidi, bei haijashuka, na pampu ya petroli ya zamani haipo. Ukimuuzia mtu mafuta yenye nguvu ndogo kwa bei ile ile, umemwibia, hata ukiyaita ya kijani. Sisi wenyewe tulishaona mwaka 2008 jinsi mpango wa kulima miwa kwenye delta ya Mto Tana ulivyogombanisha watu na kufika mahakamani. Ethanoli ninayoizungumzia ni ya molasi inayotokana na miwa iliyopo. Ikifika mahali pa kumfukuza mfugaji kwenye ardhi yake, mnihesabu upande wa pili.

Kwa hivyo naomba kitu kidogo sana. Kampuni moja ya pikipiki ilete boda mia moja za fleksi. Kampuni moja ya mafuta ifungue pampu tano za ethanoli: Kondele, Ahero, Muhoroni, Kakamega na Bungoma. Kiwanda kimoja kitie saini ya kuwauzia kwa mwaka mzima, kwa bei iliyo chini ya asilimia 70 ya petroli, ikibandikwa kwenye kituo kila tarehe 14 pamoja na ile ya EPRA. Serikali isiongeze ushuru juu yake kwa huo mwaka mmoja. Waendeshaji wachaguliwe kupitia vyama vyao vya steji, kila mmoja apewe daftari au programu ya simu ya kuandika lita na kilomita. Pikipiki ikikosa ethanoli itakunywa petroli kama kawaida, kwa hivyo hakuna atakayekwama njiani wala kulala njaa kwa sababu ya jaribio la mtu.

Baada ya miezi 12, namba hizo zitolewe hadharani, nzuri au mbaya. Kama boda alibaki na Sh90 kwa siku, stejini watajua kabla ya gazeti. Kama hakubaki na kitu, pia watajua.